Sindano Ndefu kwenye Kitanda cha Pili

Mwanamke aliyelazwa kifudifudi kwenye kitanda cha pili alikutwa akihema kwa shida, midomo imebadilika rangi, na sindano sita za kumtuliza maumivu ya bega zikiwa bado mgongoni mwake. Hospitali ilithibitisha kwamba pafu lake la kulia lilikuwa limetobolewa. Kabla ya jioni, kliniki ya tabibu wa tiba ya sindano za Kichina ilifungwa, na tabibu mwenyewe akaambiwa ajiandae kushtakiwa.

Mpelelezi aliyekabidhiwa jalada hakuwa na imani hata chembe na tiba hiyo. Hata hivyo, alijua kwamba kutoamini kwake hakukuwa ushahidi.

"Zote sita ni fupi," tabibu alisema. "Mgongo wa juu nachoma kwa kuilaza sindano. Chini ya nyama ile kuna pafu, afande. Wima sichomi hata unishikie bunduki."

"Na hii?"

Juu kabisa ya sanduku la sindano zilizotumika palikuwa na sindano ndefu, ncha yake imerudishwa ndani ya mrija wa plastiki ambao ilikuja nao.

Tabibu alikunja uso. "Hiyo ni ya nyonga. Leo sijaitumia. Tena mimi sirudishi ncha kwenye mrija. Hivyo ndivyo watu wanavyojidunga vidole. Ikitoka mwilini, sandukuni. Basi."

Dereva wa lori, aliyekuwa kitanda cha kwanza, nyuma ya pazia, aliulizwa kama aliinuka.

"Niinuke? Nilijaa miiba toka kiunoni hadi kisiginoni. Nungunungu mzima! Nilimsikia tu yule mama akisema, 'Dada, hii mbona imezama?' Hakujibiwa. Nikasema, leo tabibu kanuna. Ila ajabu, sauti ya tabibu ilikuwa kule mapokezi, anamfokea fundi bomba."

Fundi bomba alikiri kufokewa, na kwa muda mrefu kuliko alivyostahili.

Alibaki mtu mmoja: mume wa mgonjwa, aliyemsindikiza mkewe na kuketi kando ya kitanda. Mpelelezi alimkuta kwenye duka lake la dawa akimchoma mteja sindano ya paja. Alipomaliza, alirudisha kifuniko kwenye ncha bila hata kutazama.

"Niliwaambia yale ni mambo ya kubahatisha," mume alisema. "Mke wangu nilikuwa namchoma mwenyewe hapa hapa. Hakuna baya lililompata."

"Na bega lilipona?"

Mume alianza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Kesho yake mpelelezi alimwita kliniki. Mbele ya tabibu, alichomeka sindano mpya ndefu kwenye mto, akauweka mrija wake pembeni.

"Itoe, uitupe."

Mume aliichomoa, akaokota mrija, akaifunika ncha. Mkono ulikuwa umekwisha kufika sandukuni alipotambua kwamba wenzake wawili walikuwa wakiutazama.

"Ni mazoea tu," alisema.

"Ndiyo. Yako, si yake."

Mume alikaa kwenye kitanda cha pili. "Sikutaka afe. Nilitaka aumie kidogo, aache kuja huku. Mtaa mzima ulikuwa unanicheka: mke wa mchoma sindano anakwenda kuchomwa kwingine! Nilisubiri tabibu atoke, nikachukua moja trei ya pembeni. Niliona ni nyama tu, kama paja."

"Mgongo si paja, shemeji," tabibu alisema.

Jioni mpelelezi alikwenda hospitali kuchukua maelezo ya mgonjwa, aliyekuwa na mrija kifuani na nafuu ya kutosha kuzungumza. Alimweleza ni nani aliyemchoma na kwa nini.

"Mwambieni bega limepona," mwanamke alisema.

Mpelelezi aliandika kauli hiyo kama ilivyotamkwa, bila kuongeza maoni yake.