Ndoa Isiyo na Pointi

Asubuhi ya mtihani wa falsafa, Ufaransa nzima hugeuka darasa. Wanafunzi wamefungiwa ndani kwa muda wa saa nne na karatasi zao, na huku nje maswali yameshatangazwa redioni, basi kila mtu ana jibu lake: kinyozi, muuza mikate, hata polisi wa barabarani. Mwaka ule swali lililowawasha watu wa Lyon lilikuwa hili: Je, mtu aliye huru anaweza kuahidi?

Katika kituo cha treni cha Part-Dieu wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma, na treni ya kaskazini ilikuwa imechelewa dakika arobaini. Foleni ya kahawa ilijikunja mpaka kwenye ngazi. Katikati yake alisimama Blandine Perrachon, gauni la njano la mikono mifupi, raba nyeupe, nywele amezibana kwa penseli. Alikuwa amekuja kumwona mama yake aliyetolewa mtoto wa jicho, na sasa anarudi kazini.

"Aliye huru haahidi," mzee mmoja mbele yake alikuwa akiwahubiria wenzake. "Akishaahidi, uhuru umekwisha."

"Kinyume chake, mzee wangu," Blandine akadakia. "Asiye huru ndiye asiyeweza kuahidi. Mfungwa akikuahidi kuja kula kwako Jumapili, utapika?"

Foleni ikacheka. Nyuma yake sauti ya kiume ikasema, taratibu kabisa: "Inategemea una maana gani unaposema huru."

Blandine akageuka. Akaona mwanamume mrefu, koti la kitani lililojikunja viwikoni, soksi nyekundu, macho ya kijivu yaliyotulia mno kwa mtu anayesubiri treni.

"Wewe ni mwalimu wa falsafa," akamwambia.

"Umejuaje?"

"Mtu wa kawaida angejibu swali."

"Na wewe bibie, unafanya kazi gani?"

"Mwalimu wa falsafa. Lakini mimi najibu."

Waliendelea kubishana mpaka kahawa zikapoa mikononi. Tanguy Morvan, ndilo jina lake, alisahau kabisa kwamba amekuja kumpokea shangazi yake kutoka Brittany. Mama wa watu alisimama nusu saa na sanduku lake, mita kumi tu kutoka kwa mpwa wake, akimtazama anavyomchekea mwanamke wa penseli kichwani. Baadaye alisema hakutaka kumkatiza, kwa kuwa hajawahi kumwona akicheka hivyo.

Niwaeleze kidogo kuhusu Tanguy, maana bila hilo mtamwona ni mkorofi tu. Alikuwa na miaka thelathini na sita, anafundisha shule moja ya sekondari huko juu kilimani Croix-Rousse, na aliishi kwa kanuni chache alizozishika kama wengine wanavyoshika dawa za presha. Hakusema uongo, hata kwa wauzaji wa bima wanaopiga simu wakati wa chakula. Na alishika kwamba mtu si chombo: usimtumie binadamu mwenzako kama njia ya kupata kitu kingine. Mawazo mazuri haya, ya karne na karne, na siyapingi. Tatizo ni kwamba Tanguy aliyapenda kuliko alivyopenda chakula.

Blandine naye alikuwa amepangwa Dunkirk, kule mwisho kabisa wa kaskazini. Wizara ikikupanga unakwenda, na kurudi ni kwa pointi: miaka ya kazi, watoto, ndoa. Yeye hakuwa na ndoa wala mtoto, basi kwa miaka sita alikula upepo wa Dunkirk. Mwaka mzima wa mapenzi yao ulipita kwenye simu na kwenye treni, saa tano kila safari, tena kwa kubadilisha treni Lille.

"Kabichi wangu, umekula?" Blandine angeuliza, kwa jina la mahaba la Kifaransa.

"Nimekula. Na wewe?"

"Supu. Wanafunzi wangu leo wamenishinda. Nimewaambia kila jambo lina sababu, mmoja akaniuliza, basi sababu ya wewe kukaa Dunkirk ni nini?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikampa kazi ya nyumbani."

Tanguy alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Blandine kule alikaa na simu sikioni hata baada ya kuagana, akiangalia mvua dirishani, na moyo wake ulikuwa umejaa.

Mwisho wa Juni uliofuata, alikuja Lyon siku mbili. Walikaa kwenye benchi kando ya mto Saône na mfuko wa cheri kati yao. Blandine alivaa sketi ya kijani na blauzi aliyoazima kwa dada yake, na alikuwa amejizoeza maneno yake mbele ya kioo tangu asubuhi.

"Tanguy, nina wazo. Usinikatize."

"Sijasema kitu."

"Unavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Sikiliza. Tukifunga ndoa kabla ya Agosti kwisha, wizara itanipa pointi za kumfuata mume. Mwakani nahamia hapa. Treni basi, Lille basi. Mwaka mmoja mwingine kama huu nitauvumilia, miwili sitaiweza, nakwambia kweli. Nimechoka kukupenda kwa ratiba ya reli."

Tanguy alirudisha cheri mfukoni. "Kwa hiyo tuoane kwa ajili ya pointi?"

"Nani kasema kwa ajili ya pointi? Nimesema tutazipata."

"Kama pointi zisingekuwepo, ungeniomba leo?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba angemwomba tangu siku ya kwanza, kituoni, kwenye foleni. Pointi zilikuwa kisingizio tu. Mwanamke alikuwa anaona haya, akatafuta mlango wa pembeni. Lakini nani husema hayo akiulizwa kama mtuhumiwa? Akasema: "Leo? Labda si leo."

"Unaona."

"Naona nini?"

"Nimekuwa ngazi ya kufikia Lyon. Nakupenda, Blandine, na ndiyo sababu siwezi kukubali ndoa yenye sababu nyingine ndani yake. Nipe muda nifikiri."

"Unafikiri nini, jamani? Nimekuuliza kama utanioa. Sijakupa insha!"

Aliondoka na treni ya jioni. Kusema kweli Tanguy alimtaka mwanamke huyu kuliko kitu chochote duniani, na usiku ule hakula. Lakini hofu yake ilikuwa moja: kwamba yeye ndiye anayependa, na mwenzake anataka kuhama. Badala ya kumpigia simu amuulize, akafanya kosa ambalo mwalimu wa falsafa peke yake anaweza kulifanya.

Kila Jumapili saa tano asubuhi, katika mkahawa mmoja wa Croix-Rousse, watu hukutana kujadili. Kila anayetaka huandika swali kwenye kipande cha karatasi, bila jina, na kukitia kwenye bakuli la saladi. Bwana Chavanne, mwanasheria mstaafu anayeendesha mambo pale, huyasoma yote, watu hunyosha mikono, na swali lililoshinda hujadiliwa saa mbili nzima. Jumapili ile Tanguy alitia karatasi yake, na ikashinda.

"Swali letu la leo," Bwana Chavanne akasoma, "ni hili: Anayeomba ndoa itakayomletea faida, anapenda kweli?"

Walikuwepo watu kama arobaini. Daktari wa meno akashika kipaza sauti wa kwanza. "Huyo hapendi. Huyo anakata tiketi!" Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye mkufu wa shanga akasema faida si dhambi, hata yeye alimpenda marehemu kwa sababu alijua kurekebisha mabomba. Kijana wa chuo akatenganisha upendo wa aina tatu. Tanguy alikaa pembeni akiandika kila neno kwenye daftari.

Alidhani Blandine yuko Dunkirk akisimamia mitihani ya mdomo. Hakujua kwamba mitihani ilimalizika Ijumaa, na kwamba mpenzi wake alikuwa amepanda treni kuja kusuluhisha, akapitia nyumbani kwa Tanguy asimkute, akakumbuka mjadala wa Jumapili, na sasa amesimama karibu na mlango wa mkahawa, gauni la bluu, begi begani, akisikiliza watu arobaini wanavyopima moyo wake.

Akanyosha mkono. Kipaza sauti kikamfikia kupitia meza sita.

"Samahani, nimechelewa," alisema. "Mnauliza kama mtu huyo anapenda. Mimi ndiye mtu huyo. Mngeweza kuniuliza."

Daktari wa meno aliangalia kikombe chake. Tanguy alisimama, daftari likaanguka, lakini Blandine alikuwa ameshampa mtu wa jirani kipaza sauti, kwa adabu kabisa, akatoka.

Tanguy alipiga simu siku hiyo mara tisa. Siku ya kumi na moja ikapokewa.

"Blandine? Mpenzi, asante kwa..."

"Sema."

"Sikutaja jina lako."

"Hukutaja. Umenivua nguo hadharani ukanifunika uso."

"Nilitaka kujua kama niko sahihi."

"Na mimi nilitaka kujua kama unanitaka. Hayo ni mambo mawili, Tanguy, na wewe umeshughulikia lako tu."

"Nakutaka."

"Basi unajua manispaa wanakofungisha ndoa iko wapi, na tarehe ya mwisho unaijua," Blandine akasema, akakata.

Kwa mtu wa kawaida maneno yale ni mlango ulioachwa wazi. Blandine alingoja Julai iliyobaki kwa mama yake, simu mkononi. Alingoja na Agosti. Tanguy naye alikaa kilimani akifikiri, na akafikia uamuzi uliomfanya atabasamu peke yake jikoni. Aliona njia ya kuonyesha upendo usio na doa. Tarehe thelathini na moja Agosti ikaja, ikapita. Blandine, aliyekwisharudi Dunkirk kuanza mwaka wa saba, alilia siku ile mpaka macho yakavimba, akajiambia mambo yamekwisha.

Kesho yake, Jumapili tarehe mosi Septemba, alikuwa anarudi kutoka kununua mboga, amevaa koti la mvua na kandambili, mfuko wa viazi mkononi. Tanguy alikuwa amesimama mlangoni kwake, suti nyeusi, tai, shada la maua lililopigwa na upepo mpaka likabaki vijiti.

"Blandine Perrachon," alisema. "Naomba nikuoe. Leo hakuna pointi. Leo hakuna faida yoyote, kwako wala kwangu. Nimengoja makusudi. Sasa ukinikubali tutajua sote wawili kwamba ni upendo mtupu."

Blandine aliuhamishia mfuko wa viazi mkono wa pili.

"Umengoja makusudi," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeweza kuja juzi."

"Ningeweza, lakini juzi ingekuwa..."

"Mpumbavu wewe! Mwaka mzima! Umeniongezea mwaka mzima kwenye upepo huu!" Watu wawili waliokuwa wakipita na mbwa wao walisimama kusikiliza, na siwalaumu. "Wewe unasema mtu si chombo. Na mimi umenifanya nini? Mwaka wangu umeuchukua ukasafishia roho yako, uing'arishe, uiangalie. Nani katumiwa hapa, Tanguy? Nijibu. Usiniulize maana yangu."

Tanguy aliyafikiri yale maneno, akayazungusha, akatafuta mahali yanapovuja, asipaone. Uso wake ukabadilika pole pole, na alionekana mdogo ndani ya ile suti.

"Wewe," alisema. "Nimekutumia wewe. Nimekosea."

"Rudia."

"Nimekosea, Blandine. Nilikuwa naogopa kwamba hunipendi. Nikauita woga wangu kanuni."

Machozi yakamjia Blandine, naye hakuyaficha. "Na mimi nilikuwa naona haya, nikajificha nyuma ya pointi. Lakini sikiliza, na usiandike. Mimi sitaki upendo mtupu. Mtupu nifanyie nini? Nataka mume atakayenifaa. Anifungulie mlango nikija nimelowa. Anisahihishie mitihani nikiumwa. Na mimi nimfae hivyo hivyo, mpaka tuzeeke. Ukinipenda bila kunifaa, baki Lyon na upendo wako msafi."

"Nitakufaa."

"Kila Ijumaa treni utapanda wewe. Miaka miwili. Saa tano, na kubadilisha Lille."

"Kila Ijumaa."

"Hata wakigoma."

"Wakigoma nitakuja kwa basi."

Blandine akapangusa uso kwa mkono wa koti. Akamtazama suti, tai, vijiti vya maua, akashindwa kujizuia, akacheka huku bado analia.

"Basi nimekubali," alisema, akamnyoshea mfuko. "Anza sasa. Shika viazi."