Safu Iliyonyamazishwa

Saa moja na robo asubuhi mfagizi alifungua chumba cha boila na kumkuta mwangalizi wa zamu amelala kifudifudi, mgongo wote umebabuka kwa mvuke. Alikuwa amekwisha kufa. Bomba lilikuwa limepasuka, na king'ora kilichowekwa kuonya kabla ya ajali ya namna hiyo hakikuwa kimelia hata mara moja.

Kufikia saa nne mpelelezi, mwanamke mrefu aliyesomea hesabu kabla ya kuvaa sare, alikuwa amewakusanya watu watatu katika ofisi ya kompyuta ya kiwanda. Hao ndio pekee waliokuwa na uwezo wa kuigusa programu ya king'ora: binti aliyeiandika, baba yake mdogo, ambaye ndiye mkuu wa idara na ndiye aliyemlea tangu utoto, na fundi wa vipimo, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mdomo.

"Wewe ulimtishia marehemu juzi," mpelelezi alimwambia Mdomo bila salamu.

"Nilimwambia nitamng'oa meno. Meno, afande. Kumchemsha sikusema."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno. Aliyeng'olewa ni mimi." Akafunua shavu lililovimba. Daktari, alipopigiwa simu, alithibitisha kwamba mgonjwa huyo alikaa kitini hadi kliniki ilipofungwa, na kwamba hakunyamaza hata kwa ganzi.

Mpelelezi akamgeukia binti. "Jana jioni programu ilibadilishwa kwa nenosiri lako."

"Nenosiri ni langu. Mkono si wangu."

"Afande, tunazungushana bure," mkuu aliingilia. "Huyu nimemlea mwenyewe, na inaniuma. Lakini mtu amekufa. Mchukue."

Binti alimtazama kama anayemtazama mgeni. Kosa hilo lingemtia gerezani miaka mingi, naye alijua hivyo.

"Nieleze programu yako," mpelelezi alimwamuru, "kama unavyomweleza mtu asiye mjinga."

"Geji nane zinazopima mvuke wa boila hutuma namba kwenye mtandao wa neva bandia, programu yenye matabaka inayojifunza kutambua hatari. Zikitoka tabaka la kwanza zinakuwa zimepangwa katika safu, nafasi nane. Hapo hupita kwenye kitendakazi, ambacho ni kama bawabu: namba iliyo chini ya sifuri anaigeuza sifuri, iliyo juu anaiacha ipite kama ilivyo. Namba kubwa zikipita nyingi, king'ora kinalia. Ikipita moja peke yake, hakilii; geji moja huweza kudanganya."

"Na jana bawabu aligeuzwa. Zilizo juu ya sifuri ndizo zilizouawa." Mpelelezi aliweka karatasi mezani. "Hizi ndizo namba za dakika ya mwisho. Zilizoingia ni nane, zote juu ya sifuri. Zilizotoka ni hizi: tisa, kisha sifuri saba. Mbona hii tisa imepona?"

Mkuu aliinamia karatasi, akainuka, akapiga miayo.

"Vema. Kila mmoja aende ubaoni aniandikie kitendakazi sahihi cha safu hiyo."

Mdomo aliandika mstari mmoja. Binti aliandika mstari mmoja, karibu sawa na wa mwenzake.

"Hampiti namba moja baada ya nyingine?"

"Hatuna haja," binti alijibu. "Safu nzima inapewa amri moja. Ndivyo tulivyofundishwa sisi wote wa siku hizi."

"Mkuu."

"Mimi ni mkuu wa idara, si mwanafunzi wako."

"Mwache, afande," binti alisema, sauti yake kavu. "Baba mdogo aliacha kuandika programu zamani. Hawezi. Ndiyo maana uongozi unanipa kazi yake."

Uso wa mkuu ulibadilika. Alinyakua kalamu, akaandika kwa nguvu hata ikalia ubaoni: chukua nafasi ya moja, ipime, nenda ya pili, ipime, endelea hadi safu iishe. Alipomaliza alimtupia binti kalamu kifuani. "Nilikuwa naandika hivi kabla hujajua kujifunga viatu!"

"Katika lugha hii ya kompyuta," mpelelezi aliuliza taratibu, "nafasi ya mwanzo kabisa ya safu huitwa ya ngapi?"

"Ya sifuri," Mdomo alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akafunga kinywa.

"Lugha niliyosomea mimi huanza moja!" mkuu alifoka.

"Najua. Na aliyeingia jana alipita namba moja baada ya nyingine, akaanza moja vilevile. Namba ya mwanzo hakuigusa. Ndiyo tisa iliyopona."

"Kukosea kuhesabu si kuua mtu."

"Si kuua. Kumgeuza bawabu ndiko kulikoua. Kuhesabu kumenionyesha ni nani. Nenosiri ulilipata wapi?"

"Nilimpa mimi," binti alisema. "Nilipolazwa hospitali. Nani mwingine ningempa?"

Mkuu aliketi bila kukaribishwa. Ukali ulikuwa umemtoka, ikabaki chuki tupu. "Mwisho wa mwezi angekalia kiti changu. Mtoto niliyemfundisha kuwasha kompyuta! Nilitaka king'ora chake kishindwe mara moja tu, mbele ya watu, aaibike. Boila ina geji ya kioo. Yule wa zamu angeona kwa macho."

"Wewe ndiye uliyetoa amri waache kuitazama geji," Mdomo alisema. "Ulisema mashine inatosha. Sote tulikuwapo."

Mpelelezi alimfunga mkuu pingu, na chuma kilipolia binti aliinuka, akasimama mbele yake.

"Baba mdogo. Ulipokaa kwenye kompyuta yangu, ulijua nani atakuwa zamu?"

"Sikuuliza," alisema.

Binti alimpisha njia.