Ukuta wa Merikebu ya Zohali

Hetty Wragg alitimua mbio koridoni, mkanda wa video wa kilo kumi kifuani.

Saa kumi na moja kasorobo, Jumamosi, London.

"We dada! Chai yangu!" alifoka mwigizaji aliyevaa vazi la mpira la dubwana, kikombe kikimmwagikia magambani.

Hetty hakugeuka. Mkanda ule alikuwa ameunyakua kwenye toroli ya mikanda inayosubiri kurushwa hewani. Ulibeba sehemu ya kumi na tisa ya *Merikebu ya Zohali*, tamthilia ya anga za mbali. Baada ya nusu saa, watoto wa Uingereza nzima wangeitazama.

Wiki sita alikuwa jasusi studioni humo. Kazi yake ya bandia ilikuwa kuyapiga picha mapambo ya jukwaa kwa kamera ya Polaroid, ili onyesho la leo lifanane na la jana, kisha kusaini kila picha. Mkubwa wake katika idara ya ujasusi, Aubrey Thirlby, ndiye aliyemtuma. Agizo lilikuwa fupi: mchoraji Clement Oddie anavujisha siri, mnase.

Leo mchana alikuwa amembana Oddie ukutani.

"Ukuta wa mitambo ya merikebu umeutoa wapi?"

"Nimepewa bure, kipenzi! Sisi hata misumari tunaazima. Mshauri wa sayansi kaleta mchoro, nami nikaunakili. Mzee mpole tu, ana kovu kidevuni."

Jeraha la kovu lile Hetty alilifunga bendeji mwenyewe, Berlin, kwenye kidevu cha Thirlby.

Na mchoro haukuwa wa merikebu yoyote ya angani. Ulikuwa wa mtambo mpya wa siri wa jeshi wa kusakia nyambizi, waya kwa waya.

Sasa, mkanda kifuani, aliusukuma mlango wa chumba cha mikanda. Humo mlikuwa na mashine ya kufutia. Mikanda ilikuwa ghali, kwa hiyo vipindi vingi vya zamani vilifutwa ili virekodiwe vipya. Kila siku, bila huruma.

Thirlby alikuwa ameketi pembeni ya mashine, bastola ya Walther mkononi.

"Nilijua utakuja kuufuta. Lete, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

"Simu yangu inasikilizwa. Barua zangu zinafunguliwa. Lakini kipindi cha watoto nani anakikagua? Wanunuzi wangu wamekaa ubalozini mbele ya televisheni saa hizi, kamera tayari."

"Na mimi nimo wapi humo?"

"Siri ikigundulika, atatafutwa mtu wa kulaumiwa. Sahihi yako ipo kwenye kila picha ya ukuta ule."

Hakuona hata haya!

Miaka kumi na moja. Huyu ndiye aliyemfundisha kushika bastola. Huyu ndiye aliyemshika mkono kanisani siku ya harusi yake, kwa kuwa Hetty hakuwa na baba. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba kitauma hivi. Hetty alitamani kulia. Alitamani kumtemea mate.

"Ungenipiga risasi tu, Aubrey. Ningekuelewa."

"Lete mkanda."

Akauleta. Akaubwaga juu ya mashine na kubonyeza swichi.

Mashine ilinguruma. Thirlby alimrukia. Kiwiko cha Hetty kilimpokea puani, bastola ikateleza chini ya rafu.

Sekunde thelathini.

Sehemu ya kumi na tisa ikawa haipo tena duniani.

Simu ya ukutani ililia. Hetty aliipokea.

"Mkanda wetu uko wapi?" sauti kutoka chumba cha matangazo ilipiga kelele.

"Umeharibika. Rusheni marudio ya mwaka jana."

"Mama yangu! Haya."

Akakata. Thirlby alikuwa sakafuni, damu puani, macho yamemtoka.

"Marudio? Hetty, watadhani nimewachezea! Wataniua hawa!"

"Huenda."

"Nisindikize hadi ofisini. Nitakiri kila kitu, nitaandika. Mwanangu, tafadhali!"

Hetty aliiokota Walther, akatoa risasi moja moja na kuzitia mfukoni. Bastola tupu akamwekea mapajani.

"Ofisi unaijua," alisema. "Chukua teksi."

Akatoka, akafunga vifungo vya koti. Cha mwisho alikifungia barabarani, risasi zikigongana mfukoni.