Pindo la Mama Ursula

Kanga ilikauka yote isipokuwa pindo. Jua la Bugwema la saa saba, jamani, jua la kupasua ardhi, na pindo lile bado linadondosha maji kambani. Dorotea aliligusa. Lilikuwa vuguvugu, kama machozi.

Kanga yenyewe ilikuwa ya mama mkwe wake, Ursula, aliyekufa kipofu. Siku ya kuanua matanga waligawana nguo, ile ikamwangukia Dorotea. Angeikataaje mbele ya wakwe? Tena mwaka ule wa themanini na tatu dukani hapakuwa na kanga wala sabuni. Basi akaivaa, na kwa pindo lile akajifuta macho, akamfuta na bintiye Gati, kama marehemu alivyokuwa akiwafuta wote nyumbani.

Wiki haikuisha, kope zikaanza kuwachoma wote wawili kama mchanga. Chumbani pakanuka moshi na usaha. Kanga akiifungia sandukuni, asubuhi anaikuta imemfunga kiunoni.

"Baba Gati," alimnong'oneza mumewe, Ryoba, "hii nguo ina kitu. Tuichome."

"Uchome nguo ya mama? Alikuwaga anaipenda!" Ryoba naye alinong'ona, na hakuitazama. "Ukoo utatutenga. Usirudie."

Dorotea akampeleka Gati zahanati kwa siri. Nesi akawapa dawa ya macho, akasema mtoto aoshwe uso kwa maji safi kila siku, na nguo moja isifute macho ya wawili. Akalishika neno hilo. Gati akapata nafuu.

Hapo ndipo jini la kanga ile lilipochachamaa.

Mchana mmoja, Dorotea akiwa jikoni na mwanawe, mlango ukajifunga wenyewe, moshi ukagoma kutoka, na lile pindo likapanda taratibu toka kiunoni, likapita kifuani, likapita shingoni, likamlowesha mashavu, huku mkono wake, wee, mkono wake mwenyewe ukimvuta Gati kwa nguvu asizozijua, mtoto analia, "Mama sitaki, linanuka," na yeye anahangaika kuvifungua vidole vyake na havifunguki.

Akapiga magoti. "Chukua macho yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Yote mawili. Mtoto muache."

Pindo likatulia. Kisha ndani ya kanga ikatoka sauti ya Ursula, imechoka, inalia.

"Nami nililiambia hivyo hivyo, mkwe wangu, siku ulipoletwa hapa. Lichukue yangu, wewe likuache."