Maji ya Kumwoshea Bibi

Kabla haya hayajatupata, kwetu palikuwa kama kwa watu wengine wote wa maghorofa ya mji wetu wa Braila: vyumba viwili, jiko jembamba la kupishana kwa shida, na madirisha yanayotoka jasho majira ya baridi. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano ili nimuuguze Bibi Safta, kwa sababu mama alikuwa Italia akiuguza bibi wa watu wengine.

Mdogo wangu Ilinca, wa miaka sita, alikuwa na upungufu wa damu. Daktari alisema ale majani mabichi kila siku. Basi kaka yetu Dorel, fundi wa pampu, akatengeneza bustani ndani ya kabati la Bibi. Haikuwa na udongo. Alitoboa kifuniko cha pipa la plastiki, akapachika miche ya saladi, na mizizi ikaning'inia gizani ndani ya pipa. Kila baada ya dakika chache pampu iliirushia ukungu wa maji. Kabati lilifungwa muda wote, maana msimamizi wa jengo hakutaka kusikia habari ya unyevu.

"Akiuliza ni mlio gani, mwambie Bibi anakoroma," Dorel aliniambia.

"Nakusikia, mpumbavu wewe," Bibi alijibu kutoka kitandani.

Bibi alifariki mwezi wa pili, Jumanne asubuhi. Jirani yetu Mama Veturia, anayeosha maiti za wanawake, alimwosha mle mle chumbani kwa sabuni mpya na majani ya rehani yenye harufu nzuri. Maji aliyomwoshea aliyatia kwenye ndoo ya bluu, akaiacha bafuni. Kwetu maji hayo hayamwagwi ovyo. Hupelekwa kwenye shina la mti wa matunda, pasipopita mguu wa mtu.

Baada ya mazishi saladi ilinenepa. Majani yalikuwa na mafuta, na ukiyashika yalikuwa vuguvugu. Mimi jani moja lilinishinda. Lilikuwa na ladha ya ngozi. Ilinca alitafuna kama mbuzi, na mashavu yake yakaanza kupata rangi. Siku moja aliinua jani kwenye mwanga, akalitazama.

"Hili lina mikunjo kama shingo ya Bibi," alisema. Kisha akalila.

Siku ya tisa Mama Veturia alikuja kula nasi chakula cha kumkumbuka marehemu. Ilinca alikuwa na sahani yake ya majani.

"Ile ndoo niliikuta tupu," Mama Veturia alisema. "Mliyamwaga mti gani?"

"Ndoo ipi?" Dorel aliuliza.

"Ya bluu, baba. Maji ya bibi yenu."

Kijiko cha Dorel kilisimama hewani. "Siku ile maji ya bomba yalikatika," alisema polepole. "Pampu ilikuwa inakauka. Nikadhani ni maji ya akiba."

Kabatini, pampu ilirusha ukungu.

"Mtemeshe mtoto," Mama Veturia alinong'ona.

Nilimshika Ilinca taya. Nikaingiza kidole. Rojo la kijani lilikuwa limejaa mdomoni, zito, lenye joto, likinuka sabuni. Akafunga meno. Akameza, huku akinitazama.

Dorel alifungua kabati. Akainua kifuniko.

Haikuwa mizizi. Zilikuwa nywele. Nyeupe. Ndefu. Zenye mba. Zilikuwa zimejisuka msuko mmoja mnene, na katikati ya msuko ulitiririka ute kama makohozi. Ukungu ulipopiga, msuko ulijinyoosha. Chini ya pipa vilielea vipande vyembamba vilivyopinda. Nilidhani ni mbegu. Zilikuwa kucha.

Dorel alitapika mikononi mwake.

Tulibeba kila kitu hadi kwenye mplamu, mti wa matunda ulio nyuma ya jengo, tukamwaga, tukafukia. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Mama Veturia alimtukana Dorel toka ghorofa ya nne hadi chini. Ilinca alililia saladi yake siku tatu. Siku ya nne alikunywa supu, akacheza, akawa mtoto kama wengine. Daktari alimpima, akasema damu imejaa kabisa. Nililia kwa furaha pale pale kliniki.

Mwezi wa nne jino la mbele la Ilinca lilianza kucheza. Nilimfunga uzi, nikavuta. Lilitoka bila damu. Lakini halikuisha kutoka. Nyuma yake ulifuata mzizi mweupe, laini, wenye utelezi, urefu wa kidole changu cha shahada.

"Tumtupie kunguru juu ya paa," Ilinca alisema, kama watoto wote wa hapa wanavyofanya.

Sikukubali. Jino nimelitia kwenye kopo kavu la chai, na kila Jumamosi naupima mzizi. Sijaupa tone la maji. Sasa unanifika kwenye kiwiko.

Leo asubuhi Ilinca amenionyesha mengine mawili yanayocheza.