Sentimita Kumi na Tatu

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia ng'ambo ya pili, Nukta alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchota kwa kopo maji yaliyoingia ndani ya boti usiku. Ya pili ilikuwa kuwahesabu wenzake watano wanapopanda, asije akaachwa mtu gatini. Jina la Nukta alipewa na wanafunzi wa darasa lake la sita kwa sababu ya udogo wa umbo lake. Mwanzoni lilimkera, lakini aliacha kulikasirikia alipogundua kwamba bila nukta sentensi haijui iishie wapi.

Mama yake alikuwa mvushaji. Boti yake ilikuwa ya mbao, fupi, yenye kitako bapa kama sinia, kwa kuwa mkono ule wa ziwa haukuwa na kina. Mama alisimama nyuma na kuisukuma kwa upondo, mti mrefu ambao ncha yake hugusa chini. Alifanya kazi hiyo miaka tisa, hadi bega lake la kulia likaanza kugoma. Daktari wa zahanati alimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo, kabla ya mwaka kwisha hataweza hata kujifunga kitambaa kichwani. Basi mama akaamua kununua injini.

Mjomba, ambaye hajawahi kuvusha hata kuku, ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote. Alitaka dada yake anunue injini ya nguvu za farasi kumi na tano, ili watu wa gatini wajue kwamba ukoo wao una mtu.

Jumamosi walikwenda wote watatu mjini, mwendo wa nusu saa kwa basi, hadi karakana ya Fundi Pipa. Palinukia mafuta na mpira. Injini zilitundikwa kwenye fremu za mbao, nyingine zenye mguu mfupi, nyingine zenye mguu mrefu. Katikati ya sakafu palikuwa na pipa kubwa la bluu lililojaa maji, na hilo ndilo lililompa mzee yule jina. Kila injini aliyoiuza aliitumbukiza humo kwanza na kuiwasha mbele ya mnunuzi, ili aisikie na kuiona ikitema maji. Lakini injini ikishalowa ilihesabiwa kuwa imetumika, na haikurudi tena dukani.

Mjomba alipotaja farasi wake kumi na tano, fundi alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Ukiifunga hiyo kwenye boti ndogo ya kitako bapa," alisema, "nyuma itakaa chini kama mtoto aliyegoma kwenda shule, na pua itaangalia mawingu. Huyu anavusha watoto, bwana. Hashindani na mtu."

Mjomba alijibu kwamba alikuwa anauliza tu.

Fundi akawaeleza. Nguvu ya injini hufuata ukubwa wa boti na uzito wa abiria. Urefu wa mguu wake hufuata ubao wa nyuma, pale injini inapofungwa. Mguu ukiwa mfupi kuliko ubao, pangaboi, yaani lile panga linalozunguka na kuisukuma boti, litakoroga hewa. Mguu ukizidi, pangaboi litazama mno na kugonga chini. Ukilingana, pangaboi hufika kama sentimita arobaini chini ya uso wa maji. Kwa hiyo alitaka vipimo vitatu: uzito wa abiria wote, kina cha maji mahali penye maji machache zaidi, na kimo cha ubao wa nyuma, kutoka ukingo wa juu hadi chini kabisa.

"Msinikadirie," alisema. "Nileteeni namba."

Mama alicheka akasema kwamba macho yake na namba ndogo hayaongei siku hizi. Akachukua futi kamba aliyoazimwa na fundi, akampa Nukta. Nukta alijiona amerefuka.

Kazi aliianza vizuri. Abiria aliwapima mmoja mmoja kwenye mizani ya zahanati. Kina alikipima juu ya fungu la mchanga, katikati ya njia, kwa kusimamisha upondo na kuweka alama kwa chaki. Alipata sentimita hamsini. Ukabaki ubao. Lakini Jumatatu jioni alipofika gatini, nyuma ya boti palikuwa pamepangwa magunia ya mteja, na ili kuufikia ubao ilibidi ayaondoe moja moja. Wenzake walikuwa wanaruka kamba hapo karibu, wakimwita. Kando yake, nchi kavu, ilikuwa imelala boti ya mvuvi mmoja, tupu, imepinduliwa, kitako juu. Ilichongwa na seremala yuleyule, ikapakwa rangi ileile. Watu waliziita pacha. Nukta aliinama, akapima ubao wa pacha, akapata hamsini na moja. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akapiga mstari chini kwa rula, akakimbilia kamba.

Mama aliipeleka ile karatasi mjini. Fundi aliisoma, akasifu mwandiko, akamwekea injini ya farasi nane yenye mguu mrefu. Waliagana aje kuichukua Jumamosi.

Ijumaa baada ya shule, Nukta alikuwa akichota maji botini alipomwona mama akikanyaga ubao wa nyuma na kuruka hadi gatini. Aliukanyaga kwa wepisi, kama mtu anayepanda kizingiti. Hapo ndipo alipokumbuka. Zamani mama alimwomba seremala aupunguze ule ubao, ili usimsumbue anaposimama na upondo. Nukta akaichukua futi kamba. Thelathini na nane. Akapima tena, akiivuta kama anayeibembeleza. Thelathini na nane.

Wakati wa chakula mama alikuwa mchangamfu. Alijikanda bega kwa kitambaa cha moto huku akisema kwamba kuanzia Jumatatu upondo utakuwa wa kuanikia nguo. Nukta alijiambia kwamba futi kamba ile ni kuukuu. Alijiambia kwamba sentimita kumi na tatu zilizozidi ni urefu wa penseli tu. Kisha akafanya hesabu. Hamsini za maji ya fungu la mchanga, toa arobaini za pangaboi, zinabaki kumi. Na kumi na tatu haiingii ndani ya kumi. Hata mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo. Pangaboi lingegonga mchanga katikati ya njia, nao wote wamo ndani.

Jumamosi, Fundi Pipa aliinyanyua ile injini mpya kwa mikono miwili na kuisogeza juu ya pipa. Mama alitabasamu. Ncha ya mguu ilikuwa imebakiza shibiri moja kugusa maji.

"Fundi," Nukta alisema, "usiitumbukize. Ubao wetu ni thelathini na nane."

Fundi aliirudisha mezani. Mjomba, aliyempenda sana mpwa wake, akadakia kumsaidia: mtoto amekosea tu kusoma, namba za futi kamba zimefutika, nani asingekosea? Ulikuwa mlango mpana wa kutokea, na umefunguliwa na mtu mzima. Nukta alimtazama mama yake.

"Sikukosea kusoma, mjomba," alisema. "Sikupima. Nilipima boti ya mvuvi, kwa sababu yetu ilikuwa na magunia na mimi nilitaka kucheza."

Mama alikaa kwenye kigoda. Hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba alimwambia fundi namba hizo zimepimwa na binti yake, na aliyasema hayo kwa kujidai. Nukta angeona afadhali kugombezwa.

Farasi nane ya mguu mfupi haikuwepo siku hiyo. Ingefika Jumanne jioni. Kwa hiyo Jumatatu na Jumanne mama alishika tena upondo. Nukta alikaa karibu naye na kulisikia kila sukumo, na pumzi fupi iliyofuata kila sukumo. Hakuna aliyemkumbusha jambo lolote. Haikuhitajika.

Jumatano asubuhi Fundi Pipa alikuja gatini mwenyewe na injini, keshaijaribu kwenye pipa mama akiwepo. Kabla ya kuifunga alimpa Nukta futi kamba. Nukta aliingia majini hadi magotini, akainama, akapima, akasoma kwa sauti. Thelathini na nane. Mguu ulikaa kwenye ubao kama mfuniko kwenye sufuria yake.

Walivuka polepole pamoja na fundi na wale wanafunzi watano, mama ameketi, mkono wa kushoto kwenye usukani wa injini na wa kulia umepumzika mapajani. Juu ya fungu la mchanga fundi alimwambia mama azime injini. Akamwambia Nukta aingize mkono majini, apapase chini ya pangaboi. Kiganja chake kiliingia baina ya pangaboi na mchanga. Penseli isingeingia wima.

"Umeona?" fundi alisema. "Mtu akiisoma namba yako, anaamini ulikuwapo pale, ukainama, ukapima. Mama yako aliamini, na mimi niliamini. Usimwandikie mtu namba ya mahali ambapo hukuinama. Lakini kosa lako lilikuwa la jioni moja tu, mwanangu, na ulilisema injini ikiwa bado kavu. Ungenyamaza, lingekuwa la watoto wote hawa."

Mama aliwasha injini. Kisha, bila kugeuka, akamwambia Nukta kwamba mteja wa magunia anataka kujua boti inaweza kubeba mzigo kiasi gani.

"Nitapima," Nukta alisema.

"Najua," mama akajibu.