Kinywaji cha Kambini

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima kijijini Palashdanga. Bwawa lilijaa hadi ngazi ya juu. Bata walikuwa wakiogelea mahali ambapo juzi watu walikuwa wakipita. Bibhabati hakulalamika. Mpunga unapenda maji, na yeye alikuwa anapenda mpunga. Aliketi barazani akikata boga, huku mkwe wake, Tultuli, akipepeta mchele.

Juu ya ukuta mfupi wa udongo kilitokeza kichwa chenye mvi. Alikuwa jirani yao, Charubala.

"Naona boga hilo," Charubala alisema. "Leo mtalitia sukari kiasi gani?"

"Kiasi cha kumshinda mtu na pilipili zake," Bibhabati alijibu. "Nyinyi watu wa ng'ambo hampiki chakula, mnapika moto."

"Na nyinyi wa huku hata samaki mnamfanya halua!"

Ndivyo walivyoishi kwa miaka thelathini. Bibhabati alizaliwa Bengali hii ya magharibi, kama mama yake na bibi yake. Charubala aliletwa utotoni kutoka ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita. Walitaniana kutwa, kisha jioni wakapelekeana bakuli za mchuzi.

Tultuli alicheka. Mwanawe, Bhombol, hakucheka. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, na jina lake hilo la nyumbani, wanaloitwa watoto wanene, lilimfaa, maana alikuwa kibonge. Kwa kawaida asubuhi kama ile angekuwa anawafukuza bata. Leo alilala mkekani, kimya.

"Ameharisha tena, mama," Tultuli alisema. "Maji matupu. Na anatapika."

Bibhabati aliweka kisu chini. "Basi usimpe kitu. Wala maji, wala ziwa, mpaka tumbo litulie."

"Lakini ana kiu. Tazama anavyolamba midomo."

"Mwanangu, mtungi unaovuja huumiminii maji. Ukiumiminia, unavuja zaidi. Mimi nimelea watoto wanne. Wewe ndio kwanza una mmoja."

Tultuli alimfuta mtoto midomo. Mumewe alikuwa mbali, kwenye kinu cha mpunga mjini Bardhaman. Nyumbani neno la mama mkwe ndilo lililokuwa neno. Alichukua simu akampigia Sabiha, muuguzi wa zahanati.

"Daraja limezama," Sabiha alisema. "Natafuta watu wanivushe. Nitafika mchana. Mpaka hapo mnyweshe, Tultuli. Umenisikia? Mnyweshe!"

"Kasemaje?" Bibhabati aliuliza.

"Kasema... anakuja."

Saa zilipita. Bhombol aliharisha tena na tena. Macho yake yalianza kuingia ndani. Alipolia, machozi hayakutoka. Bibhabati alimpakata akamwimbia wimbo wa bata. Mtoto hakugeuza hata shingo. Bibhabati aliogopa, lakini hakutaka mkwe wake ajue.

Charubala alipochungulia tena, hakutania. Alizunguka ukuta, akaingia uani, akapiga magoti mbele ya mtoto. Alimfinya ngozi ya tumbo taratibu, kisha akaachia. Ngozi ilibaki imesimama kidogo kabla ya kurudi.

"Amekunywa nini tangu asubuhi?"

"Hajanywa," Bibhabati alisema. "Tumbo lazima likauke."

"Dada, linalokauka si tumbo. Ni mtoto."

"Charu, usinifundishe kulea!"

"Sikufundishi kulea. Nakusimulia nilichokiona. Nisikilize dakika moja tu, halafu ukitaka, nifukuze."

Bibhabati hakumfukuza. Katika miaka yote ile hakuwahi kumsikia Charubala akisema kwa sauti ya chini namna hiyo.

"Mwaka wa sabini na moja nilikuwa na miaka tisa," Charubala alisema. "Tulikimbia vita, tukavuka mpaka kwa miguu, tukafika Bongaon. Watu walikuwa kama siafu. Mvua juu, matope chini. Kipindupindu kikaingia kambini. Mdogo wangu Montu aliharisha kama hivi. Mama yangu naye alisema tumbo likauke. Montu alikufa kabla jua halijazama."

Tultuli alifunika mdomo kwa ncha ya sari.

"Kesho yake nikaugua mimi. Wakanibeba hospitali. Vitanda vimejaa, watu wamelala sakafuni. Zile chupa za maji ya kutundika, yanayoingizwa mshipani, zilikuwa zinakwisha. Alikuwapo daktari kutoka Kolkata, Dilip Mahalanabis. Bingwa wa watoto na mtafiti. Angeweza kukunja mikono akasema dawa zimekwisha. Hakukunja. Wenzake walichanganya chumvi, sukari ya glukosi na magadi, wakavikoroga na maji katika mapipa yenye bomba. Wakawaambia mama zetu na shangazi zetu: chukueni vikombe, wanywesheni wagonjwa wenu, msiache."

"Walinyweshwa huku wanaharisha?" Bibhabati aliuliza.

"Huku wanaharisha. Mama yangu alininywesha usiku na mchana. Mtungi unaovuja usipoumiminia unabaki mtupu, dada. Na mimi hapa, mbele yako, ndiye mtungi wenyewe."

Bibhabati alimtazama mjukuu wake. Alimtazama jirani yake. Kisha akasimama.

"Tultuli, chemsha maji. Charu, niambie nitie nini. Lakini ole wako ukitaja pilipili!"

Walichemsha maji, wakayapooza kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Walipima lita moja. Charubala alichukua kijiko kidogo cha chai. Alikijaza sukari, akakisawazisha kwa kidole, akamimina. Alifanya hivyo mara sita. Kisha akatia chumvi, nusu ya kijiko kilekile.

"Ongeza kidogo, ipate nguvu," Bibhabati alisema.

"Hapana! Chumvi ikizidi inadhuru. Onja. Isizidi ladha ya machozi."

Bibhabati alionja, akatikisa kichwa kukubali.

Tultuli alimnywesha mwanawe kwa kijiko. Bhombol alimeza, akameza tena, kisha akatapika vyote juu ya mkeka.

"Unaona?" Bibhabati alisema. "Tumbo halitaki!"

"Tumbo linataka, ila limeshtuka. Tusubiri kama dakika kumi. Kisha tumpe polepole, kijiko kimoja kimoja."

Walisubiri. Safari hii Bibhabati mwenyewe ndiye aliyeshika kijiko. Alimpa kimoja, akatulia. Akampa kingine, akatulia. Mkono ulimchoka, asikubali kupokewa. Kati ya vijiko, Tultuli alimpa mwanawe ziwa, na safari hii mama mkwe hakumkataza. Mvua ilikatika. Kijiko baada ya kijiko, midomo ya mtoto ilianza kupata unyevu.

Mchana sauti ilisikika kutoka kwenye maji. Ni Sabiha, amesimama juu ya chelezo cha magogo ya migomba, mkoba wake kichwani. Wanaume wawili walikuwa wakimsukuma kwa mianzi.

"Yuko wapi kibonge wangu?" aliuliza kabla hajashuka.

Alimpima mtoto, akamtazama macho na ulimi. Akaonja kinywaji.

"Nani kachanganya?"

Bibhabati na Charubala walionyeshana kidole.

"Mmemwokoa," Sabiha alisema. Alitoa pakiti za dawa ya chumvi na sukari kutoka mkobani. "Hizi ni bora zaidi, zimepimwa tayari. Pakiti ya namna hii humiminwa yote ndani ya lita moja ya maji safi. Na hivi ni vidonge vya zinki. Mpeni kila siku kwa siku kumi na nne, hata akipona. Aendelee kunyonya, na ale. Mkiona damu kwenye choo, au akilegea hata kunywa hawezi, msingoje. Mleteni mbio."

"Muuguzi," Bibhabati aliuliza, "sukari inafanya nini humo? Mimi nilidhani ni ya kumbembeleza tu mtoto."

Sabiha alicheka. "Ukutani mwa utumbo kuna milango midogo. Chumvi na sukari hupita pamoja, mkono kwa mkono. Vikishapita, maji hufuata. Wataalamu wa nchi kadhaa waliligundua hilo. Dakta Mahalanabis alituonyesha kwamba hata kambini, matopeni, mama wa mgonjwa anaweza kuifanya kazi hiyo. Hospitalini Bongaon, kati ya wagonjwa mia, kama thelathini walikuwa wanakufa. Kwa kinywaji kile, hawakufika wanne. Wakubwa wengi wa udaktari walikuwa na shaka mwanzoni. Baadaye dunia nzima ilikubali."

"Mtu wetu wa Kolkata!" Tultuli alisema.

"Naye hakuwa peke yake. Kabla yake alikuwapo Sambhu Nath De, wa Kolkata vilevile. Ndiye aliyeonyesha kwamba kijidudu cha kipindupindu kinatoa sumu ndani ya utumbo, na sumu hiyo ndiyo inayomwaga maji ya mwili. Alifanya kazi kimya kimya. Wengi hawakumjua hata jina." Sabiha aligeukia mtungi wa pembeni. "Sasa niambieni, haya mmeyachota wapi?"

Tultuli aliinamisha macho. "Pampu ya kisima imezama. Ya kusuuzia vyombo tulichota bwawani."

"Basi ugonjwa umeingilia hapo. Pampu ikizama, hata maji yake si salama. Maji yote ya kunywa na ya vyombo yachemshwe. Na mikono kwa sabuni, kabla ya kupika na baada ya kumsafisha mtoto."

Bibhabati alikuwa anataka kujibu, mara akaruka. Sari yake ilikuwa imelowa magotini. Bhombol alikuwa amemkojolea.

"Amekojoa!" Sabiha alipiga makofi. "Mwili umepata maji!"

"Amekojoa!" Bibhabati alipaza sauti kuelekea nyumba za jirani, kana kwamba anatangaza harusi. "Mjukuu wangu amekojoa!"

Siku ya tatu Bhombol alikula wali na dengu zilizopondwa, akataka tena. Baba yake aliporudi kutoka Bardhaman, alikuta kazi inamsubiri. Alijenga jukwaa la matofali, na watu wa mtaa wakasaidiana kuiinua pampu juu yake. Tultuli aliweka sabuni kando ya jiko. Mama mkwe alipokuwa na shaka juu ya jambo la mtoto, sasa alimuuliza, "Wewe unaonaje?"

Mvua za mwaka uliofuata, Bibhabati alisikia kilio kutoka nyumba ya mwisho kijijini. Alitia pakiti mbili kwenye ncha ya sari yake, akaenda. Alikuta mtoto amelegea, mama yake analia, na bibi mmoja mkali amesimama mlangoni.

"Tumbo la mtoto likauke kwanza," yule bibi alisema. "Mimi nimelea saba."

"Hongera, dada," Bibhabati alisema, akampita, akaketi kitandani. "Nileteeni maji yaliyochemshwa."

Alichanganya, akampa mama wa mtoto kijiko mkononi. Yule bibi alikuja akasimama juu yao, mikono kiunoni.

"Kakufundisha nani mambo haya?"

"Jirani yangu. Naye alifundishwa na Daktari Mahalanabis wa Kolkata."

"Huyo daktari unamjua wewe?"

"Sijamwona hata siku moja," Bibhabati alijibu. Kisha akamgeukia yule mama kijana. "Usiache, mwanangu. Kijiko kingine."